Jaji ni mtu wa wapi? Mngoje kwanza niwaeleze Constance Baker Motley

Huku kwetu Lubumbashi kesi ikiingia tu mahakamani, avoka (wakili) hajafungua hata dosie, familia imeshauliza swali lake la kwanza: "Juji ni muntu wa wapi?" Hawaulizi kama anajua sheria, hawaulizi kama anasoma madosie ao anasaini tu. Wanauliza ni Mkatanga ao Mkasai, ni mtu wa Kivu ao wa Bandundu, kama ni mwanamke wanauliza bwana yake ni kabila gani, wengine wanafika mpaka kanisa anakosali. Na wakishapata jibu basi, kesi imekwisha kichwani mwao, kama ni wa kwetu tutashinda, kama ni wa kule tumeshindwa, tuanze kutafuta mtu wa kumpigia simu.

Mie swali hilo linaniuma na leo nataka niliandikie kwa urefu, juu ndani ya familia yetu kuna binti wa dada yangu anasoma sheria UNILU, iniversite ya Lubumbashi, anakaribia kumaliza, na juzi tukiwa tumekaa nje Katuba, watu wengi tu, akasema: "Mi sitaki kuwa avoka wa masosiete ya mines, mi nataka kuwa juji." Wakubwa wakanyamaza. Alafu mjomba wake akamuuliza, kwa upole kabisa, si kwa ubaya: "Mama, siku muntu wa kwetu anasimama mbele yako na muntu wa kabila ingine, utafanya namna gani? Ukimpa wa kwetu haki watasema umependelea. Ukimnyima, siye tutakuuliza tulikusomesha juu ya nini." (Anamwita mama kwa sababu amebeba jina la mama yake mjomba, kwa hiyo hata akimkemea anamkemea kwa heshima.) Binti hakujibu, na mie nikaona ni haki apate jibu, tena jibu zito, la mtu aliyeshakaa kwenye kile kiti na akaulizwa swali hilo hilo, mbele ya watu, na mawakili wakubwa.

Mtu huyo ni Constance Baker Motley, jaji wa federali wa Marekani, aliyekufa 2005. Wengi huku hawajamsikia. Wanamjua Martin Luther King, wanamjua Rosa Parks, lakini mwanamke aliyekuwa anaenda kumtetea King mahakamani hawamjui.

Alizaliwa tarehe 14 Septemba 1921 kwenye muji wa New Haven, jimbo la Connecticut, mtoto wa 9 kati ya watoto 12. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Nevis, kule Karibi, baba yake alikuwa anapikia wanafunzi wa Yale. Yaani baba anapika chakula ndani ya iniversite ambayo watoto wake hakuna aliyetegemea wataingia. Akamaliza sekondari, pesa ya kuendelea hakuna. Siku moja kukafanyika mkutano kwenye jumba la vijana la kartie yao, mzungu mmoja tajiri, mjenzi, Clarence Blakeslee, alikuwa ametoa pesa ya kulijenga na alitaka kujua kwa nini weusi hawalitumii sana. Huyu binti akasimama akasema wazi: kwa sababu wanaoliongoza wote ni wazungu, weusi wenyewe hawana sauti ndani yake. Watu wengine wangemkasirikia. Blakeslee akaenda kuangalia alama zake za shule, akamwita, akamuuliza unataka kusoma nini, akajibu sheria, na yule mzee akamlipia masomo mpaka mwisho. Kwa hiyo aliingia Fisk kule Nashville, akahamia New York University akamaliza 1943, alafu sheria Columbia, 1946.

Ninaikazia hii habari ya Blakeslee kwa sababu binti wetu naye anasomeshwa na mikono mingi na kila mkono unataka kitu. Yule mzee hakumwomba Constance awe avoka wa kampuni yake.

Hata hajamaliza Columbia, 1945, alishaanza kazi kwa Thurgood Marshall, kwenye ofisi ya sheria ya NAACP, shirika la kutetea haki za weusi, akakaa karibu miaka 20. Mwaka 1950 yeye ndiye aliyeandika hati ya kwanza ya mashtaka kwa kesi ya Brown, ile iliyokuja kuvunja sheria ya kutenganisha watoto weusi na weupe shuleni, Mahakama Kuu ikatoa uamuzi 1954. Baadaye wakamtuma Kusini, sehemu ambazo avoka mweusi mwenyewe alikuwa kitu cha ajabu, mwanamke ndo usiseme. Hoteli hazikumpokea, alilala kwenye nyumba za weusi, na mara nyingine wanaume walikesha nje na bunduki. Magazeti ya Mississippi yalikuwa yanamwandika "yule mwanamke Motley", heshima ya kumwita Bibi Motley waliona ni nyingi mno kwa mtu mweusi. Na ni yeye aliyempigania James Meredith, mwanafunzi mweusi, mpaka akaingia iniversite ya Mississippi tarehe 1 Oktoba 1962, baada ya usiku wa fujo ambako watu wawili walikufa, gavana mwenyewe amesimama mlangoni kukataa amri ya mahakama.

Mwaka 1961 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kusimama kutetea kesi mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani. Kwa jumla alisimama pale na kesi 10, akashinda 9. Ile moja aliyoshindwa ilikuwa ya 1965, juu ya waendesha mashtaka kuwatoa weusi wote kwenye baraza la wazee wa mahakama (raia wanaoitwa kuamua kama mtu ana hatia), na miaka 21 baadaye, 1986, Mahakama Kuu yenyewe ikageuka ikaelekea upande wake.

Sasa hapo ndipo Rais Lyndon Johnson, Januari 1966, akamteua kuwa jaji wa federali New York. Na hapa inabidi nieleze mambo ya kule kidogo, juu ukisema "federali" huku Katanga watu wanakimbilia siasa zetu, na leo siongelei hizo. Kule kuna mahakama za majimbo na kuna mahakama za serikali ya nchi nzima. Majaji wengi wa majimbo wanapigiwa kura na raia, kwa hiyo fikiria jaji wa Alabama miaka ile ya 1950, wanaopiga kura karibu wote ni weupe, atampa mweusi haki kweli na mwaka wa kura unakuja? Jaji wa federali hapigiwi kura. Anateuliwa na rais, Seneti inamkubali, na akishakubaliwa anakaa mpaka afe ao apumzike mwenyewe. Mshahara wake katiba inakataza kuupunguza akiwa kazini. Kumtoa ni lazima baraza la wawakilishi limshitaki na theluthi mbili za Seneti zimhukumu, na tangu 1789 walioshitakiwa hivyo ni 15 tu, waliotolewa 8. Rais aliyemteua anaweza kumkasirikia kesho yake, hana la kumfanya.

Njia yenyewe ya kufika pale ni tofauti na yetu kabisa. Huku unatoka fakilte, unafanya konkure (mtihani wa kushindania nafasi), unaingia ukiwa kijana, unapanda pole pole, na wanaweza kukuhamisha, leo Likasi, kesho Kananga. Kule hakuna shule ya majaji, hakuna konkure, wanakwenda kumtafuta mtu ambaye ameshafanya kazi miaka na miaka. Motley alikuwa anakaribia miaka 45. Na akishakaa hahamishwi: yeye alikaa Manhattan miaka 39.

Lakini Seneti ilimchelewesha. Mwenyekiti wa kamati ya sheria alikuwa James Eastland, seneta wa Mississippi, yaani mtu wa jimbo lile lile ambalo Motley aliliburuza mahakamani mpaka likashindwa. Akamkalia dosie. Akaleta mambo ya kusema ni mkomunisti. Januari mpaka Agosti, miezi karibu 7, ndipo tarehe 30 Agosti 1966 Seneti ikamkubali. Mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa federali kwa nchi yote ile.

Tangu siku ile watu wakaanza kusubiri. Weusi wakasubiri awape haki, weupe wengine wakasubiri ajikwae. Mjomba, unaona ni lile lile swali lako.

Ngoja kwanza nieleze kesi moja, juu ndiyo inaonyesha alivyokuwa anafanya kazi. Kulikuwa mfungwa mmoja, Martin Sostre, mweusi mwenye asili ya Puerto Rico, alikuwa na duka la vitabu Buffalo, walimkamata 1967, wakamhukumu kifungo kirefu sana kwa mambo ya dawa za kulevya ambayo yeye alikataa mpaka mwisho. Akiwa gerezani akawa anaandika karatasi za mahakama na kuzituma kwa avoka wake, wakuu wa gereza wakakasirika, wakamtupa kwenye selo ya peke yake. Akakaa kule siku 372. Zaidi ya mwaka mtu yuko peke yake. Na humo humo ndani ya selo akaandika mashtaka yake mwenyewe, kwa mkono, bila avoka, dhidi ya gavana na wakuu wa magereza, na karatasi zile zikafika kwa Motley.

Jaji mwingine angeweza kuzitupa. Mfungwa, kwa mwandiko wa mkono, anamshitaki gavana. Motley alisoma. Julai 1969 akaamuru atolewe kwenye ile selo, na 1970 akatoa hukumu kamili. Alafu angalia alivyohesabu: dola 25 kwa kila siku moja ya zile siku 372, hiyo ni dola 9,300, na juu yake dola 10 kwa kila siku kuwa adhabu kwa waliomfanyia, hiyo 3,720. Jumla 13,020. Hakusema tu "ameteswa, mumlipe." Alichukua siku, moja moja, akazipa bei, akaandika kwa nini. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ikasema hapana, zile 3,720 za adhabu tunazitoa, na mambo mengine uliyoamuru kwa magereza tunayakata, lakini zile 9,300 zilibaki. Yaani hata waliomkosoa waliweza kuona kila hesabu, wakachukua hii wakaacha ile, juu kila kitu kilikuwa kimeandikwa.

Huku mtu aliyepeleka chakula gerezani kwa ndugu yake anajua maana ya kitu kile. Unangoja nje na sahani yako ya bukari, hujui ndugu yako yuko selo gani, hujui alifungwa kwa karatasi ipi, ukiuliza unaambiwa juji alisema hivyo. Alisema wapi? Karatasi iko wapi?

Sasa 1975. Mwanamke mmoja aliyesoma sheria, Diane Blank, akaishitaki Sullivan & Cromwell, moja ya nyumba kubwa kabisa za mawakili kule Wall Street, kwamba haiwapi wanawake kazi sawa na wanaume. New York kesi za federali zinagawiwa majaji kwa bahati nasibu, hakuna anayechagua, hakuna wa kumpigia simu (huku mkuu wa mahakama ndiye anayegawa, na mie ningependa sana tujaribu ya bahati nasibu). Kesi ikamwangukia Motley. Upande wa kampuni wakaomba ajitoe. Sababu? Kwamba ni mwanamke, ni mweusi, na amefanya kazi miaka mingi kutetea waliobaguliwa, kwa hiyo ataegemea upande wa huyu binti.

Soma tena. Ni lile lile la "juji ni muntu wa wapi", ila limevaa koti na tai.

Jibu lake, ninalieleza kwa maneno yangu: kama asili ya jaji, ao jinsia yake, ao rangi yake, peke yake inatosha kumtoa kwenye kesi, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama hii anayeweza kusikiliza kesi hii wala nyingine nyingi, juu wote walikuwa mawakili, wote wana jinsia, na wengi wametoka kwenye nyumba kubwa za mawakili ao kwenye kazi za serikali. Akakataa kujitoa. Akaendelea na kesi, na 1977 pande zote mbili zikapatana.

Mie nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chini nikatembea kidogo. Hakusema "mie sina upande, mie sitoki popote." Hiyo ndiyo majaji wengi wanasema, na hakuna anayewaamini, juu kila mtu anajua kila mtu katoka tumboni mwa mama fulani. Motley alisema kinyume: sisi wote tuna kwetu. Yule mzungu mwanaume aliyesoma Harvard naye ana kwao, ila kwa sababu hao ndio walizoea kukaa kwenye kile kiti, kwao kukaonekana kama si popote. Mwaka mmoja mbele yake, 1974, jaji mwingine mweusi, Leon Higginbotham wa Philadelphia, aliombwa vilevile ajitoe kwenye kesi ya ubaguzi, naye akakataa kwa maandishi marefu. Watu hawa walikuwa wanaulizwa swali ambalo jaji mweupe hakuwahi kuulizwa.

Na msije mkafikiri kwamba alikuwa anawapa weusi na wanawake ushindi tu. Wako waliokuja mbele yake wakidhani wamefika kwa dada yao, wakatoka wameshindwa kwa sababu hawakuwa na ushahidi. Wengine walimlaumu juu ya hiyo, wakasema amekuwa mwoga tangu alipovaa joho. Mie sioni woga pale. Mtu aliyelala Mississippi na bunduki mlangoni hawezi kuogopa kelele za mabarabara ya Manhattan.

Huku kwetu jambo hili si la mchezo. Waliopita miaka ya 1992 na 1993 hapa Katanga wanajua swali la "uko muntu wa wapi" lilifika wapi, watu waliozaliwa Likasi na Kolwezi wakakutwa kwenye stasion za treni na mabegi, wanarudishwa Kasai ambako wengine hawakuwahi hata kukanyaga. Kwa hiyo ninapolisikia kwenye koridoo ya mahakama, likitoka kinywani mwa mama mwema tu anayetafuta haki ya kiwanja cha marehemu bwana yake, moyo unashtuka. Ninamwelewa. Ameona mambo. Amelipa hapa, amelipa kule, dosie yake imepotea ikarudi, na anajua kuna majaji wanaopokea simu. Lakini kama kinga yake pekee ni kutafuta jaji wa kabila lake, basi yule jirani anayegombana naye atatafuta wa kabila yake pia, na kiwanja kitakwenda kwa mwenye shemeji mkubwa.

Na mpangilio wetu wenyewe unalichochea. Katiba yetu ya 2006 inasema majaji hawahamishwi ovyo, wanahamishwa kwa uteuzi mpya, kwa maombi yao, ao kwa mzunguko wenye sababu unaoamuliwa na Baraza kuu la mahakimu. Kwa hiyo mara nyingi jaji unayemkuta Lubumbashi anatoka mbali, na mzunguko ulitengenezwa kusudi asizoeane sana na watu wa mahali. Ni fikra nzuri. Ila sisi hatumwoni mgeni asiye na shemeji hapa, tunamwona mtu wa kabila ingine aliyeletwa kutuhukumu.

Niwape hadithi ingine ya Motley, hii nyepesi kidogo, wapenzi wa Mazembe itawafaa. Oktoba 1977, fainali ya beziboli, timu ya Yankees ya New York. Melissa Ludtke, mwandishi wa Sports Illustrated, anakatazwa kuingia vestiaire (chumba cha wachezaji cha kubadilishia nguo) baada ya mechi, kwa sababu ni mwanamke. Mjue kazi ya mwandishi wa michezo iko pale vestiaire, mchezaji bado ana jasho, bado ana hasira, ndipo anasema kitu cha maana, akishaoga na kuvaa anakupa maneno ya sanamu. Wanaume wanaingia, yeye anangoja koridoni mtu amletee maneno. Pale Kamalondo waandishi wetu wanawake wanaielewa hii vizuri.

Kesi ikamfikia Motley. Wakubwa wa beziboli wakasema ni kulinda aibu ya wachezaji. Yeye akatazama kwanza uwanja ni wa nani: Yankee Stadium ilikuwa mali ya muji wa New York, timu inapanga tu, kwa hiyo serikali imo ndani na katiba inahusika. Alafu hiyo aibu, akasema, si kuna taulo? Si mnaweza kuweka pazia? Kufunga mlango kwa wanawake wote wakati pazia moja inatosha, hiyo haipiti. Septemba 1978 akaamua Ludtke aingie. Kesi nzima ya katiba ikaishia kwenye taulo na pazia, na mie hapo ndipo ninampenda zaidi, juu aliuliza kitu ambacho mama yeyote wa nyumbani angeuliza na wakubwa wote wale hawakukiuliza.

Mwaka 1982 akawa jaji mkuu wa mahakama yake. Kule hiyo nafasi haiombwi kwa rais, inamfikia mtu kwa miaka ya kazi. Akaishika mpaka 1986, alafu akaingia kwenye ile hali ya majaji wazee, unapunguza mzigo, kiti chako kinapewa mtu mwingine lakini wewe bado unasikiliza kesi, na hivyo ndivyo aliendelea mpaka kifo chake tarehe 28 Septemba 2005, ana miaka 84. Sonia Sotomayor, ambaye sasa yuko Mahakama Kuu, aliingia mahakama hiyo hiyo ya Manhattan 1992 na kumkuta bado yuko kazini. Na Ketanji Brown Jackson, siku alipotangazwa kuteuliwa Mahakama Kuu, Februari 2022, alimtaja Motley kwa jina, akasema wamezaliwa tarehe moja, wanapishana miaka 49.

Mjomba nilimweleza haya yote Jumapili, na yeye si mtu wa kukubali haraka. Akasema: sawa, lakini ukimpa jaji kiti cha maisha, mbaya naye anakaa maisha. Ni kweli, na historia yao wenyewe inamuunga mkono. Kennedy alimteua Harold Cox kule Mississippi mwaka 1961, rafiki wa Eastland tangu masomo, na Cox mwaka 1964, akiwa kwenye kiti, aliwafananisha weusi waliokuja kuandikishwa kupiga kura na sokwe. Hakutolewa. Alilindwa na katiba ile ile iliyomlinda Motley. Mahakama ya rufaa ndiyo iliyokuwa inamvunjia hukumu, moja baada ya nyingine. Na tena Cox huyo huyo, 1967, baraza la wazee lilipowakuta wanaume 7 na hatia kwenye mauaji ya vijana watatu wa haki za raia, ndiye aliyewapeleka gerezani. Mjomba akatikisa kichwa akasema watu wako complike.

Jibu langu kwake ni hili. Katiba yetu, kifungu cha 21, inasema kila hukumu iandikwe na itolewe na sababu zake, isomwe mbele ya watu, na kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Basi binti akishakaa pale, muntu wa kwetu akija na muntu wa kabila ingine akija, aandike. Aandike kwa nini kiwanja ni cha huyu, alisadiki shahidi yupi na kwa nini, siku ngapi, bei gani, kama zile dola 25. Asomaye aone njia yote aliyopita. Na sisi familia, tukishindwa, tusiulize kabila yake, twende kwa grefye (karani wa mahakama) tuombe kopi, tumpe avoka asome, kama sababu ni mbovu tukate rufaa juu ya ile sababu.

Mjomba akasema atafikiri. Alafu akauliza kitu kingine kabisa: wakimtuma Boende ao Bunia, msichana peke yake, nani atamsindikiza? Dada yangu akasema yeye. Mjomba akasema wewe una magoti mabaya. Hilo bado tunaliongelea.